Barua ya wazi kwa wakubwa wa Mtumba: barafu ya Kilimanjaro inaondoka, ardhi inayobaki inaangaliwa na nani?

Waheshimiwa wakubwa, shikamooni.

Nawaandikia nikiwa hapa hapa Dodoma, mji ambao ofisi zenu zote zimehamia, maliasili, mazingira, maji, elimu, mpaka Bunge lenyewe, na najua kuna mtu atauliza huyu wa Dodoma anahangaika nini na barafu wakati kwake hata maji ya bomba yanakuja kwa mgao. Kwanza niwakumbushe kwamba mkitoka ofisini Mtumba, huo Mji wa Serikali, mkaangaza macho mnaona vichaka, majabali na vumbi la Ihumwa. Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro chenye barafu, hakionekani. Maamuzi yote kuhusu ule mlima yanafanyika mahali ambapo mlima wenyewe hauonekani, kwa hiyo mimi na nyinyi tuko sawa kwenye hilo, wote tunausikia kwa kuambiwa na kuuona kwenye picha. Na tatizo langu na nyinyi linaanzia kwenye hizo picha.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, shule ya kata, nje kidogo ya mji. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya barafu nachora ubaoni bonde la umbo la U, nachora vile vifusi vinavyosukumwa na barafu ambavyo wataalamu wanaviita moreni, wanangu wa darasani wananakili kwa sababu itatoka kwenye mtihani. Wengi wao barafu wanayoijua ni ile ya mfukoni inayouzwa shilingi mia getini. Lakini siku hizi wana simu nyumbani, wanaona habari, na wananiuliza: mwalimu, ile ya Kilimanjaro ikiisha kunabaki nini? Sio inaisha lini, kunabaki nini. Kitabu hakina jibu la swali hilo, kitabu kina mlima mweupe kileleni kama kofia ya balaghashia na maelezo mawili matatu chini yake, basi.

Sasa naomba tusemezane ukweli, maana naona hili jambo likizungumzwa kwenye majukwaa linazungumzwa nusu nusu.

Ramani ya kwanza ya maana ya barafu ya Kibo ilitokana na kazi ya Wajerumani mwaka 1912, na ilionyesha barafu ya kama kilomita za mraba 12. Vipimo vya mwaka 2011 vikakuta kilomita za mraba 1.76. Yaani ndani ya miaka mia moja tumepoteza kama asilimia 85, na tangu hapo imeendelea kupungua. Lile bamba kubwa la upande wa kaskazini lilipasuka likawa vipande viwili mwaka 2012, ile ya ndani ya kreta inayoitwa Furtwängler ilishagawanyika miaka kadhaa kabla ya hapo. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State walitoa makadirio kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Ikafika 2020, ikapita, barafu ipo. Basi kuna watu wakaanza kusema mnaona, hayo mambo ya tabianchi ni uzushi wa wazungu. Jamani, tarehe ndiyo iliyokosewa, kupungua kwenyewe hakujakosewa. Mwaka 2022 UNESCO walisema barafu ya theluthi moja ya maeneo ya urithi wa dunia yenye barafu itakuwa imetoweka ifikapo 2050, na Kilimanjaro waliitaja kwa jina. Kwa majirani zetu Kenya, barafu ya Gregory kwenye Mlima Kenya imeshakwisha, haipo tena.

Halafu kuna hili la namna inavyoondoka, ambalo sijawahi kumsikia mkubwa yeyote akilieleza na mimi nikilieleza darasani watoto wanashangaa sana. Kule juu wastani wa joto kwa mwaka ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Kwa hiyo barafu ya Kibo haikai tu pale ikiyeyuka ikitiririka maji, sehemu yake kubwa inapigwa na jua kali na hewa kavu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia kuwa maji. Kingo zake ni kuta zilizosimama wima, za mita nyingi kwenda juu, na jua linazila ubavuni kwa zamu, miezi fulani upande wa kaskazini na miezi mingine upande wa kusini, na ukuta ukisharudi nyuma pale ulipokuwa hapapati barafu tena kwa sababu mchanga mweusi wa volkano unapata moto na theluji ikidondoka juu yake haikai. Upungufu huu ulianza mwishoni mwa karne ya 19 pale hewa ya Afrika Mashariki ilipokauka, theluji ikapungua, mawingu yakapungua, na joto la dunia lililokuja baadaye likaongezea juu yake. Kilele cha Kibo kwa mwaka kinapata mvua na theluji kidogo kuliko Dodoma. Naomba mrudie kusoma hiyo sentensi. Kidogo kuliko sisi, sisi wa milimita 570 hivi kwa mwaka, sisi wa msimu mmoja wa mvua.

Sasa kunabaki nini? Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kileleni wa kwanza, alipopanda mwaka 1889 na mwenzake Ludwig Purtscheller ilibidi wakate ngazi kwenye barafu kwa shoka ili wafike ukingo wa kreta. Aliporudi mwaka 1898 mwenyewe akaandika kwamba barafu imeshapungua, miaka tisa tu hiyo. Leo mtu anayefika ukingo ule anakanyaga kokoto na vumbi. Ardhi iliyofunikwa na barafu kwa miaka mingi sana imekaa wazi: mchanga wa volkano, majivu, miamba iliyopasuka pasuka, na jua la mchana na baridi la usiku vinaendelea kuipasua. Udongo wa maana hakuna, maji ya juu juu hakuna, jangwa la baridi. Mtu wa Dodoma akipelekwa pale baridi litamtesa lakini ukame ataujua.

Na miamba ile ilikuwa imeshikwa. Barafu inashika mawe, inayagandisha kwenye mteremko, ikiondoka mawe yanabaki yamening'inia. Januari 2006 watalii watatu wa Kimarekani walikufa kwenye njia ya Western Breach, karibu na kambi ya Arrow Glacier, mawe yaliwashukia, na maelezo yaliyotolewa baadaye ni kwamba mawe yale yaliachiwa na barafu iliyokuwa imeyashikilia. Njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa tena. Kwa hiyo mlima unavyobadilika sura sio suala la uzuri wa picha tu, kuna wagumu wetu, vijana wanaobeba mizigo ya watalii mabegani, wanapita chini ya yale mawe msimu mzima, na wao hawana bima ya kampuni ya Marekani.

Wagumu hao hao wakifika kambi ya Barafu, ambayo iko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, maji hawayakuti. Njia ya Machame maji ya mwisho ni bonde la Karanga, wanayateka kule wanayapandisha kwa mabega. Kambi inaitwa Barafu na maji yanabebwa kutoka chini. Nacheka kila nikifikiria hilo, ila kicheko chenyewe sio cha furaha.

Kwingine barafu ikirudi nyuma inaacha ardhi ya aina nyingine kabisa na tuwe wakweli kwamba sisi hatari zao hatuna zote. Peru, mji wa Huaraz, mwaka 1941 ziwa la Palcacocha lililozuiwa na kifusi cha barafu lilipasua kifusi likashuka na kuua maelfu ya watu. Sisi maziwa ya namna hiyo juu ya Moshi hatuna, kwa sababu kama nilivyosema barafu yetu nyingi inaenda hewani. Uswisi, tarehe 28 Mei 2025, kijiji cha Blatten kilifukiwa karibu chote na mawe yaliyoshuka pamoja na barafu ya Birch iliyoporomoka. Nyumba zimezikwa, kanisa limezikwa, mto ukazibwa. Aliyekufa ni mtu mmoja, kwa sababu watu kama 300 walishahamishwa siku kadhaa kabla, mpaka ng'ombe walihamishwa, na walihamishwa kwa sababu kuna watu kazi yao ni kuuangalia mlima ule kila siku. Hicho ndicho ninachokisema, wakubwa. Mlima uliporomoka na hakuna aliyeweza kuuzuia, ila walikuwa wanauangalia.

Na Alaska kuna ghuba inaitwa Glacier Bay, barafu yake imerudi nyuma kama kilomita 100 tangu karne ya 18, na pale ilipotoka kwanza yakaota majani madogo, vichaka, halafu msitu mkubwa wa misonobari. Tunajua hatua kwa hatua ilivyokuwa kwa sababu mwaka 1916 bwana mmoja mtaalamu wa mimea, William Cooper, alikwenda akachagua vipande vidogo vya ardhi, akaviwekea alama, akaandika kila kilichoota, na waliokuja nyuma yake wameendelea kuvipima vile vile kwa zaidi ya miaka 100. Vigingi, daftari na watu wasiochoka. Hakukuwa na satelaiti wala mradi wa mabilioni.

Nikirudi kwetu. Hizo namba zote nilizowapa hapo juu, mimi mwalimu wa Kitanzania nimezipata wapi? Kwa watafiti wa vyuo vikuu vya nje. Ohio. Massachusetts, ambao waliweka kituo cha hali ya hewa juu ya lile bamba la kaskazini mwaka 2000. Innsbruck, Austria, ndio waliotufafanulia ile habari ya hewa kavu na jua. Otago, New Zealand. Bayreuth, Ujerumani, ndiko anakotoka yule mtaalamu wa misitu ya Kilimanjaro ambaye ameijua kwa miguu kuliko wengi wetu. Nawashukuru sana hao watu, sina ugomvi nao, kazi waliyofanya ni ya heshima na wengi wameshirikiana na Watanzania. Lakini siku pesa ya mradi wao ikikatwa, na siku hizi zinakatwa sana, nani anaendelea? Taasisi ya jiolojia ya taifa ofisi zake ziko hapa Dodoma. Mamlaka ya hali ya hewa makao yake yako hapa Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wa sayansi za ardhi wanaotafuta mada za utafiti mpaka wanachukua mada zilizochoka. Watu mnao.

Ninachoomba sio kikubwa. Hapa Dodoma kila mtu anajua bikoni, ile alama ya zege inayoonyesha mpaka wa kiwanja, maana kwa vita vya viwanja vya mji huu hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kukuonyesha bikoni ya kwao. Nendeni mkaweke bikoni Kibo. Kwenye njia zinazotumika, sehemu chache zilizochaguliwa na wataalamu, mtu anasimama pale pale anapiga picha kuelekea pale pale, kila mwaka, msimu ule ule, inatumwa sehemu moja ambayo mwananchi yeyote anaweza kuifungua akaangalia bila kuomba kibali wala kuandika barua. Waongozaji na wagumu wanapanda kila siku ya Mungu na simu mfukoni. Intaneti mlishaipandisha mlimani mwaka 2022, tuliona sherehe yake, watalii wanarusha selfi kutoka mlimani kwa raha zao, basi mtandao huo huo ubebe na picha moja ya ukuta wa barafu na moja ya mteremko wa Western Breach. Wapeni vijana mafunzo ya siku chache na posho ya maana, sio cheti cha kuning'iniza ukutani. Kigharama hii haifikii semina moja ya kwenye hoteli, na semina za tabianchi mnazijua wenyewe, mimi nimewahi kukaa kwenye moja ambayo chai ilichukua muda mrefu kuliko mada.

Na pale chini kidogo ya barafu wekeni vile vipande vya Cooper. Tuone kama kuna mmea utakaojaribu kupanda juu zaidi, tuone udongo unaanza vipi au hauanzi kabisa. Wanafunzi wa miaka ya 2080 watasoma hiyo kazi. Kwa sasa wanachorithi kutoka kwetu ni kalenda zenye picha nzuri.

Sasa nije kwenye maji, maana hapa ndipo wengi mnapotupoteza, na nadhani sio kwa nia mbaya. Mwanasiasa akisimama Moshi anasema barafu ikiisha mito itakauka, tupande miti tuokoe barafu, watu wanapiga makofi, miche inagawiwa, kamera zinapiga. Vitu viwili vimechanganywa pale. Maji mengi ya mito na chemchemi za Kilimanjaro yanatoka kwenye msitu, kwenye ule mkanda wa katikati ambao upande wa kusini unapata mvua ya zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Mchango wa barafu ni mdogo sana, ilikuwa hivyo tangu zamani. Na upande wa pili, watafiti walikokotoa kwa kompyuta wakakuta ukataji wa misitu una mchango mdogo kwenye kupungua kwa barafu. Kwa hiyo miche ya Moshi haitarudisha barafu, hiyo imeshaamuliwa na bahari ya Hindi, inayotuletea au kutunyima mvua, na moshi wa viwanda vya dunia nzima, na sisi hata tukizima kila jiko la mkaa nchini, hali hiyo haibadiliki. Lakini msitu ukienda, hapo ndio mito inaumia kweli, barafu iwepo isiwepo. Mifongo ya Wachaga, yaani mifereji yao ya kumwagilia, bustani za migomba na kahawa, mashamba ya miwa ya tambarare, bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, vyote vinategemea maji ya bonde la Pangani, na umeme huo unaingia gridi ya taifa unakuja mpaka huku, kwa hiyo taa ninayosahihishia madaftari ina shea yake kwenye ule msitu.

Msitu wenyewe unaungua kwa juu. Ile misitu ya miti inayoitwa mierika iliyopo juu kabisa, inayonasa ukungu na kuudondosha kama maji, tangu miaka ya 1970 moto umekula zaidi ya kilomita za mraba 100 zake, mpaka wa msitu umeshuka, pamebaki vichaka. Kwa hiyo wakati macho yote yako kwenye weupe wa kileleni, badiliko kubwa zaidi la ardhi ya Kilimanjaro, lenye athari kwa tumbo la mtu, limetokea mita elfu moja na zaidi chini yake na halina bango. Oktoba 2020 ziliungua karibu kilomita za mraba 95 kwa hesabu iliyotolewa wakati ule, na tuliona wote kwenye simu zetu, mamia ya wananchi na wanafunzi wakipanda kuzima moto kwa matawi. Matawi, waheshimiwa. Kwenye mlima unaoingiza dola kila siku. Nilitegemea baada ya pale tungesikia kikosi cha kudumu cha moto wa mlimani chenye vifaa, nguo, redio, maji ya kubeba mgongoni, kinacholipwa hata mwezi ambao hakuna moto. Oktoba 2022 moto ukawaka tena.

Mimi kwetu ni Kondoa. Nalisema hili kwa sababu mtu wa Kondoa habari ya ardhi kubadilika haisomi kitabuni. Wazee wetu waliishi na makorongo yanayomeza mashamba, vilima vyekundu visivyo na jani, mchanga unajaa mitoni mpaka mto unageuka barabara. Mwaka 1973 ikaja HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Waswidi, wakachimba makinga maji, wakapanda miti, na mwaka 1979 serikali ikatoa amri mifugo yote iondoke kwenye eneo lile lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote. Nenda leo, miti imerudi na majani yamerudi, wageni hawaamini wakiambiwa palikuwaje. Lakini muulize mzee yeyote wa Haubi, kwetu huko Kondoa, atakwambia pia kuhusu maziwa yaliyokosekana nyumbani, samadi iliyokosekana shambani, na familia zilizofuata ng'ombe wao mbali. Ardhi ilipona na watu wakailipia bila kuulizwa bei.

Naleta habari ya Kondoa kwa sababu mbili. Ya kwanza, inaonyesha nchi hii ikiamua kubadilisha mwelekeo wa ardhi inaweza, tumeshafanya, hatuhitaji mtu wa kutuambia inawezekana. Ya pili ni onyo. Mwaka 2005 msitu wa Kilimanjaro uliingizwa kwenye hifadhi ya taifa, na ule ukanda wa upana wa nusu maili ukingoni mwa msitu ambao akina mama wa vijiji vya juu walikuwa wanaokota kuni na kukata majani ya ng'ombe ukaingia humo humo. Mkwe wangu ni wa Kibosho, kule ng'ombe anakaa zizini na majani yanaletwa kichwani na mwanamke, kwa hiyo ukifunga ukanda ule umemfungia nani? Siku moto ukiwaka huyo mama ndiye anayeitwa kwenda na tawi. Ukitaka aulinde msitu mpe haki yake iandikwe ijulikane, siku gani anaingia, anachukua nini, na asikutane na bunduki. Wataalamu mnao wa kupanga hilo, mimi nasema tu kwamba yule mama anajua moshi wa kawaida na moshi wa hatari kabla ya satelaiti haijazunguka.

Bado hilo la picha. Matangazo ya utalii bado yanamuuzia mgeni mlima mweupe mpaka mabegani, tembo mbele, jua linazama. Mgeni anafika anakuta madoa meupe machache na vumbi, anauliza mwongozaji, mwongozaji anabaki kujiuma uma. Tumweleze ukweli tangu mwanzo. Mbona ukweli wenyewe unauzika? Mlima unaoanzia kwenye migomba unaishia kwenye jangwa la baridi, kreta yenye mashimo yanayotoa mvuke wa kiberiti, moreni za enzi za barafu kubwa zilizoko chini kabisa ya barafu ya leo zinazoonyesha kwamba zamani ilishuka mbali sana. Mawenzi nayo ilikuwa na barafu na leo haina hata kipande, hakuna mtu anayesema Mawenzi sio mlima. Watu wataendelea kuja. Urefu wa mita 5,895 hauyeyuki.

Na watu wa elimu, mtaala mpya mmeuanza juzi juzi, vitabu bado vinaandikwa na kurekebishwa, naomba kurasa mbili tatu tu. Pale kwenye mada ya barafu, badala ya kumalizia kwenye mabonde ya Ulaya, wekeni Kibo ya 1912 na Kibo ya sasa ubavu kwa ubavu, wekeni msitu uliopotea, wekeni Kondoa kabla na baada. Mtoto wa Chamwino afundishwe kusoma mteremko wa kwao na wa Kilimanjaro kwa macho yale yale. Mimi kwa sasa nafanya kwa kuprinti picha kwa hela yangu, rangi nyeusi na nyeupe, na picha nyeusi na nyeupe ya barafu juu ya mchanga mweusi wa volkano, niamini, hakuna mtoto anayeelewa kitu.

Msiniambie bajeti ni finyu mpaka mnionyeshe kwanza sehemu gani ya viingilio vya mlima inarudi mlimani kwa kazi ya kuuangalia, sio kujenga geti na kupaka rangi vibanda. Andikeni kwenye mbao za matangazo, wekeni mtandaoni, semeni kwa shilingi.

Kikao cha bajeti kinaanza Aprili, hapa hapa mjini, na nimeshaanza kuomba nafasi ya kuleta wanafunzi wangu galeri ya wageni siku wizara ya maliasili inaposoma yake. Swali lao wameshaliandika lakini kanuni haziruhusu mgeni kuuliza, kwa hiyo namwomba mbunge yeyote mwenye moyo, wa chama chochote, awasaidie kuliuliza kama lilivyo: bikoni ya kwanza ya kupiga picha barafu ya Kibo itawekwa mwezi gani, kikosi cha moto cha kudumu kitakuwa na watu wangapi, na picha zenyewe tutaziangalia wapi sisi ambao nauli ya kwenda Moshi hatuna?

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa jiografia, Dodoma